Baraza ya mbao Kigoma: mninga, mkurungu, mtiki, paini, au umwage zege tu?

Shemeji yangu ana kiwanja kwenye mteremko wa Bangwe, hapa Kigoma, upande unaotazama Ziwa Tanganyika. Nyumba imekamilika, bati liko juu, na sasa anataka pa kukalia jioni: watu sita, meza, jiko la mkaa pembeni kwa ajili ya samaki wetu wa migebuka, na macho yaende bila kizuizi hadi kwenye milima ya Kongo. Alinipigia simu akaniuliza, "Shem, nipige mbao au nimwage zege?" Nikamwambia hilo si swali moja, ni maswali manne yamevaa kanzu moja, anipe siku mbili nimwandikie. Niliyomwandikia ndiyo haya. Nimeongeza kidogo kwa ajili ya wengine wanaojenga huku kwetu.

Jina kwanza, maana hapo fundi na mwenye nyumba hupotezana mapema. Ukimwambia fundi wa Mwanga, hapa mjini kwetu, unataka "deki" atakuuliza tambara na ndoo viko wapi. Waliozoea meli husema sitaha. Mimi nasema baraza ya mbao: sakafu ya mbao iliyoinuliwa juu ya nguzo, nje ya nyumba, mvua inaipiga na jua linaipiga. Hayo maneno ya mwisho ndiyo kazi yote. Mbao zile zile ukizilaza sebuleni zitakuzika wewe. Nje zinaweza kwisha kabla mtoto hajamaliza shule ya msingi.

Kinachoozesha ni nini hasa

Huku kwetu kuna msemo wa mafundi kwamba hewa ya ziwa inaozesha mbao. Panda juu ya dari yako uangalie. Kenchi ni za paini, mti laini kuliko karibu yote tutakayoitaja hapa, na zinavuta hewa hiyo hiyo mwaka mzima. Haziozi. Kuvu anayekula mbao anataka maji yafike kama asilimia 20 ya uzito wa mbao kavu au zaidi, tena yakae humo. Hewa ya masika peke yake ni nadra kuifikisha hapo mbao iliyo chini ya paa. Kinachoifikisha ni maji ya mvua yaliyonaswa: kati ya ubao na boriti inayoubeba, kwenye tundu la msumari, kwenye kichwa cha nguzo kilichoachwa wazi, kwenye majani makavu ya mwembe yaliyojaa katika nafasi za sakafu.

Na mbao iliyozama kabisa nayo huoza polepole sana, kwa sababu kuvu anahitaji hewa kama sisi. Anayeumia ni nguzo pale inapotoka ardhini, shubiri moja juu na shubiri moja chini. Hapo maji yapo na hewa ipo. Ukichimbua nguzo yoyote ya uzio wa zamani utaona imeliwa kiunoni, huku ncha ya chini na kichwa vikiwa bado vina nguvu.

Mvua zetu huanza mwishoni mwa Oktoba au Novemba na kuendelea hadi mwanzoni mwa Mei. Kuanzia Juni hadi Septemba ni ukame na upepo. Maana yake mbao ya nje Kigoma ina miezi minne ya kupumzika kila mwaka, mradi umeipa nafasi ya kukauka. Mwenye nyumba wa Tabora ana afadhali kidogo kwa upande wa kuvu, lakini mchwa wake ni wale wale, na jua la Septemba litampasulia mbao kuliko letu.

Kwa hiyo ninapolinganisha vitu hapa chini nauliza mambo mawili tu. Je, kitakauka haraka kikilowa? Na kisipokauka, kitavumilia?

Zege au mbao: tazama ardhi kabla ya mfuko wako

Hesabu ya shemeji ni mita 4 kwa 3, yaani mita 12 za mraba. Kama kiwanja kingekuwa tambarare, Gungu kwa mfano, ningemwambia amwage zege alale. Zege la unene wa sentimita 10 kwa eneo hilo ni mita za ujazo 1.2. Kwa mchanganyiko wa moja kwa mbili kwa nne ni kama mifuko 8 ya saruji, pamoja na mchanga, kokoto na mawe ya chini. Siku moja ya kumwaga, wiki moja ya kumwagilia maji, basi. Haliliwi na mchwa. Halihitaji mafuta kila mwaka. Ubaya wake ni mdogo: linashika joto la mchana hadi saa mbili usiku, na ukilipamba kwa vigae vinavyong'aa utavunja mtu kiuno siku ya mvua. Chagua vigae vyenye mikwaruzo, au liache likiwa limepigwa ufagio tu.

Lakini Bangwe si Gungu. Pale nyumba ya shemeji inapoishia, ardhi inashuka karibu mita 1.8 ndani ya hizo mita 3. Ili zege likae sawa lazima ujenge ukuta wa kuzuia udongo upande wa chini, kisha ujaze kifusi. Wastani wa kina ni kama sentimita 90, mara mita 12 za mraba, unapata karibu mita 11 za ujazo za kifusi. Hizo ni safari kadhaa za lori, kwenye njia ambayo lori lenyewe linashuka kwa dua. Kifusi kisiposhindiliwa tabaka kwa tabaka, masika ya pili kinatitia na zege linapasuka katikati. Njia nyingine ni zege la kuning'inia lenye nondo, na hapo unanunua mbao nyingi za kushikilia zege bichi ambazo baadaye utazichoma kuni. Nimeona mtu akifanya hivyo. Mbao alizotumia kushikilia zege zingetosha karibu sakafu nzima.

Mteremkoni mbao inashinda. Nguzo fupi huku, nguzo ndefu kule, maji ya mvua yanapita chini bila kugombana na mtu. Tambarare zege linashinda, isipokuwa kama unapenda mbao kwa sababu unapenda mbao, na hiyo nayo ni sababu.

Kabla sijasahau: kama kiwanja chako kinagusa ufukwe, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Na hata bila sheria, ziwa lenyewe lilikwisha kutusomesha 2020 na 2021 lilipopanda na kumeza vibanda, njia na bustani za watu. Pima kutoka maji yalipofika miaka ile, usipime kutoka yalipo leo.

Sasa mbao gani

Hapa ndipo fedha inapopotelea, kwa hiyo nitakaa.

Mninga ndio kila mtu anaoutaja, na sifa zake ni za kweli. Moyo wa mninga, ile sehemu ya kahawia inayoelekea wekundu, mchwa hawaupendi na kuvu anauchelewa. Zaidi ya hapo una tabia moja ambayo kwa sakafu ya nje ni dhahabu: husinyaa na kuvimba kidogo sana. Ubao wa mninga uliokauka vizuri ukiupigilia Juni, Januari bado umelala palepale. Unapigwa randa kwa raha, unakubali skrubu. Ubaya ni bei, na kwamba mninga mnene umekwisha karibu na barabara. Unaoletwa siku hizi mara nyingi ni mti mwembamba wenye sehemu nyeupe nyingi nje. Hiyo sehemu nyeupe si mninga kwa maana tunayoitaka. Bungua anaitoboa kama biskuti.

Najua kwa sababu niliwahi kuinunua. Baraza yangu ya kwanza niliuziwa rundo la "mninga" kwa bei nzuri, kila ubao una mstari mweupe wa vidole viwili upande mmoja. Fundi akasema, "Mzee, hiyo ni rangi tu, ukipaka vanishi haionekani." Kweli haikuonekana. Masika ya pili unga mweupe ulianza kudondoka chini ya sakafu kila asubuhi, na ya tatu mbao zikawa na kingo kama mkate uliong'atwa na panya. Moyo ulibaki mzima kabisa. Leo nikinunua nageuza kila ubao pande zote, na wenye weupe naukata au naurudisha.

Mkurungu ni ndugu wa mninga, wote ni jamii moja ya miti yenye utomvu mwekundu, nao unatoka misitu yetu hii ya miombo, Kigoma, Katavi na Tabora. Aghalabu ni mgumu na mzito kuliko mninga. Kwa sakafu ya kukanyagwa, yenye miguu ya viti inayokwaruza, mimi nauona bora zaidi, ila mkono wa fundi lazima uwe na subira: bila kutoboa kwanza kwa dirili, skrubu inakatika shingo au ubao unapasuka mwishoni. Msumeno nao unapata joto. Fundi mwenye haraka atakwambia mkurungu haufai. Anachomaanisha ni kwamba haufai kwa bei mliyopatana.

Bei ya mti huu ilipandishwa na wanunuzi wa nje, China hasa. Mwaka 2019 mkurungu uliingizwa katika orodha ya pili ya mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe vilivyo hatarini, na 2022 jamii yake yote ya Afrika, mninga ukiwemo, ikafuata. Hilo linahusu kuvusha mipaka, halikukatazi wewe kununua mbao Mwanga. Linalokuhusu ni Wakala wa Huduma za Misitu, TFS: mbao halali ina hati ya kusafirishia na muuzaji atakuandikia risiti. Mbao za usiku zina bei tamu mpaka pale pikipiki inaposimamishwa njiani.

Mtiki ni hadithi nyingine. Sifa ya mtiki duniani ilijengwa na miti mikubwa ya zamani ya Burma, ambayo mafuta yake ya asili yanakataa maji. Mashamba ya serikali ya Longuza kule Muheza na Mtibwa kule Morogoro yanatoa mtiki mzuri, lakini ukivunwa mchanga una sehemu nyeupe nyingi na mafuta machache. Ukipata mtiki uliokomaa, wenye moyo wa rangi ya asali iliyoiva, chukua. Ila ukiwa Kigoma unalipia usafiri wa nchi nzima kuleta mti ambao mninga wa jirani unaufikia. Sioni sababu, labda kama ni zawadi.

Mvule nauheshimu. Unavumilia maji, unavumilia mchwa. Ndani yake mara nyingine kuna mawe, mawe ya kweli ya chokaa ambayo mti umejitengenezea, na yakikutana na msumeno fundi anatukana mbele ya watoto. Misumari ya kawaida inaacha madoa meusi juu yake. Tena mvule uliobaki mwingi ni ule ulio karibu na makazi, kwenye vivuli vya watu. Kuukata kwa ajili ya sakafu ya kuchomea samaki mimi naona ni israfu. Kama umepata mbao za mvule kutoka nyumba iliyobomolewa, hiyo ni bahati nyingine.

Paini, au msonobari, nyingi inatoka Sao Hill, Mufindi. Bila dawa, nje, ipe miaka miwili. Ikiwa imetiwa dawa kwa mashine ya shinikizo, inaweza kuishi miaka mingi kuliko mninga wenye weupe. Tatizo ni neno "ikiwa". Rangi ya kijani si ushahidi. Kuna mbao zilizochovywa kwenye pipa kwa dakika chache, na kuna zilizopakwa rangi tu. Dai kukatiwa kipande katikati ya ubao, si mwishoni. Dawa ya shinikizo inaonekana imeingia ndani vizuri, angalau sehemu yote nyeupe. Ya kuchovya ni utepe mwembamba pembeni kama maganda ya ndizi. Muuzaji akikataa kukata, umepata jibu.

Dawa ya kijani inayotumika sana ina shaba, kromi na aseniki. Marekani viwanda viliacha kuitia kwenye mbao za majumbani mwishoni mwa 2003. Sisemi usitumie. Nasema itumie chini, kwenye boriti na nguzo, si juu ambapo watoto wanatambaa na mtu anaweka kipande cha muhogo akasahau. Na vipande vilivyobaki visiingie jikoni. Moshi wake una sumu, na jivu lake lina sumu zaidi. Vifukie mbali na kisima.

Mkaratusi ni rahisi na uko kila mahali. Kama nguzo nzima ya mviringo iliyotiwa dawa, sawa na zile za umeme, ni kitu kizuri mno. Kama ubao wa sakafu, hapana: unajikunja, unapasuka, unanyanyua vichwa vya misumari, na utajikwaa nao kila Jumapili.

Zile mbao za plastiki iliyochanganywa na unga wa mbao, zinazoagizwa Dar es Salaam, nitazipita haraka. Haziliwi na mchwa, hazihitaji mafuta. Lakini saa nane mchana huwezi kuzikanyaga peku, zinarefuka kwa joto, na zinataka boriti za karibu karibu chini yake, ambazo bado ni za mbao. Siku ukihitaji ubao mmoja wa kubadilisha, muuzaji ameshahamia biashara ya sola.

Usichague mti mmoja

Kosa ninaloliona kila mara ni mtu kuchagua "mninga kila kitu" au "paini kila kitu". Baraza ina sehemu tatu zenye maisha tofauti, na kila moja ichaguliwe peke yake.

Ardhini pasiwe na mbao kabisa. Kitako cha zege kiinuke juu ya udongo angalau sentimita 15, kichwa chake kiwe na mteremko kidogo ili maji yatiririke, na nguzo ikae juu ya kipande cha chuma kilichozamishwa humo, sio ndani ya zege lenyewe. Katika baraza yangu ya kwanza fundi alizichomeka nguzo kwenye zege bichi akazipigia lipu pembeni, zikapendeza. Alikuwa ametengeneza vikombe. Mbao ikisinyaa kidogo tu, kikombe kinajaa mvua, na nguzo inasimama majini miezi saba. Kitako kilicho wazi kina faida ya pili: mchwa akitaka kupanda lazima ajenge njia yake ya udongo mbele ya macho yako. Unaikwangua.

Katikati, yaani nguzo, mihimili inayokaa juu ya nguzo, na boriti zinazolala juu ya mihimili, weka mbao ya dawa ya kweli. Hazionekani, hazikanyagwi, na kutumia mninga huko ni kuvaa suti chini ya kanzu. Kwa mita zile 4 kwa 3, mihimili mitatu ya mbao mbili mbili za inchi 2 kwa 6 zilizofungwa pamoja, kila mmoja juu ya nguzo tatu, na boriti 11 za 2 kwa 6 zenye futi 10, zikiachana sentimita 40. Juu ya kila boriti, kabla ya sakafu, laza utepe wa nailoni nene nyeusi au karatasi ya lami, upana uzidi boriti kidogo ili maji yasitulie kwenye matundu ya skrubu. Hicho ni kitu cha bei ya soda, na sijui kitu kingine kinachoongeza umri wa baraza kwa gharama hiyo.

Juu, weka moyo wa mninga au mkurungu. Mbao za inchi 1 kwa 6 zikipigwa randa zinabaki upana wa kama sentimita 14. Ukiacha nafasi ya milimita 5, mistari 21 ya mita 4 inatosha, yaani mita 84. Kwa mbao za futi 12 ni 23, ongeza mbili au tatu za kuharibika. Nafasi yenyewe ipime kwa msumari wa inchi 4, unene wake uko karibu na hapo hapo. Lakini kama mbao ni mbichi, zibananishe. Zitajiachia zenyewe zikikauka. Bora zaidi zinunue Mei, zipange chini ya paa na vijiti katikati, uzipe kiangazi kizima, upigilie Septemba. Najua hakuna anayesubiri. Mimi mwenyewe nilisubiri mara moja tu, na ndiyo baraza pekee ambayo haijawahi kunisumbua.

Halafu isimamishe baraza kwa miguu yake. Wengi hufunga mhimili wa ndani kwenye ukuta wa nyumba kwa bolti. Ukuta wa tofali za kuchoma haupendi kushika bolti inayovutwa, na maji yakipenya pale yanaingia ndani ya nyumba. Weka nguzo za upande wa nyumba pia, acha nafasi ya vidole viwili kati ya sakafu na ukuta. Upande wa mteremko weka uzio wa mita 1, na nafasi kati ya fito zisizidi sentimita 10. Mtoto anapopitisha kichwa, mwili unafuata.

Misumari au skrubu, vanishi au mafuta

Msumari wa kawaida kwenye sakafu ya nje unatoka wenyewe. Mbao inavimba na kusinyaa, kila mwaka unanyanyuka kidogo. Tumia skrubu. Kwenye mbao za dawa, chuma kitupu huliwa haraka kwa sababu ya ile shaba, kwa hiyo iwe iliyopakwa zinki nzito, au chuma kisichoshika kutu kama unaweza kuagiza. Kama fedha ni chache, nunua nzuri kwa ajili ya sakafu na bolti, na upunguze mahali pengine.

Kwenye kumalizia, vanishi ndiyo inayopendwa kwa sababu siku ya kwanza inang'aa. Vanishi ni ngozi juu ya mbao. Nje, ngozi hiyo inapasuka kwenye maungio, maji yanaingia chini yake na hayatoki tena, inaanza kubanduka kama mgongo wa mtu aliyeungua jua. Ukitaka kuipaka upya ni lazima uikwangue yote kwa msasa. Mafuta yanaingia ndani, hayabanduki. Yakififia unaosha na kupaka tena juu yake. Mwonekano si wa kung'aa, ni wa kulowa kidogo. Mimi ni mtu wa mafuta. Ila sio mafuta ya kitani matupu, kwa hali yetu ya hewa yanalisha ukungu na sakafu inakuwa nyeusi. Tafuta mafuta ya mbao za nje yenye dawa ya ukungu. Na matambara uliyopakia usiyakunje ukayatupa kwenye kona: mafuta ya aina hiyo yakikauka hutoa joto na tambara lililofinyangwa huweza kuwaka lenyewe. Yatandaze juani kwanza.

Nimeulizwa zaidi ya mara tatu kuhusu mawese, maana sisi ni watu wa michikichi na mawese yapo. Mawese hayakauki. Mafuta ya kitani yanageuka kuwa gamba, mawese yanabaki mafuta: sakafu itanata, itavuta siafu na vumbi, na itaota ukungu. Oili chafu ya magari nayo iko kwenye kundi hilo. Ni kweli inachelewesha mchwa, lakini inachafua nguo, inanuka, na mvua ya kwanza inaipeleka kwenye bustani na ziwani ambako tunachota maji na dagaa.

Usipopaka chochote? Moyo wa mninga utageuka kijivu, utapata nyufa ndogo za juu, na utaendelea kuishi. Paini isiyopakwa juu haitaishi. Kama unajijua ni mvivu, basi nunua mti unaosamehe.

Kutunza, kutengeneza, au kubomoa

Kazi ya mwaka ni moja kubwa, mwezi Juni, mvua zikishakata. Brashi ngumu na maji ya sabuni, hasa upande usiopata jua, ambako utelezi wa kijani hujificha. Utelezi ukigoma, jiki iliyochanganywa na maji mengi, kisha suuza vizuri. Toa majani kwenye nafasi kwa kisu. Kisha chukua bisibisi ushuke chini: choma kila maungio, kila kichwa cha boriti, kiuno cha kila nguzo. Mbao nzima inakataa bisibisi. Mbao iliyooza inaipokea kimyakimya, inaingia kama kwenye sabuni ya kipande.

Ubao wa juu ukiwa umechakaa upande mmoja, geuza. Upande wa chini mara nyingi ni mpya. Boriti ikiwa imeoza juu kidogo, usihangaike kuing'oa: ipe mwenzake mpya ubavuni, ifunge kwa bolti, paka dawa, weka utepe ambao haukuwepo. Nguzo iliyooza kiunoni inaokolewa pia. Tegemeza mhimili kwa jeki ya gari juu ya gogo, kata nguzo juu ya sehemu mbovu, inua kitako cha zege kiifuate. Hiyo ni kazi ya siku moja kwa nguzo mbili.

Pale ambapo bisibisi inaingia kwenye mihimili, au zaidi ya theluthi moja ya boriti ni laini, usitengeneze. Ng'oa sakafu kwa uangalifu, mninga wa juu utautumia tena, jenga upya chini. Na mpaka hapo usiweke watu ishirini wa kipaimara juu yake.

Shemeji alinisikiliza karibu yote. Amekubali zege ardhini, paini ya dawa katikati, mkurungu juu. Mafuta amekubali kwa shingo upande, bado anaiota ile vanishi. Jana jioni alinitumia picha ya vitako tisa vimemwagwa, kamba imevutwa, pima maji iko juu ya kimojawapo. Vinane vimesimama vizuri. Cha tisa, kile cha kona karibu na mfereji wa maji ya bati, kimezama sawasawa na ardhi. Nikamjibu pale pale: "Shem, hicho kiongezee zege kesho asubuhi kabla fundi hajaondoka, na huo mfereji uelekeze upande wa migomba."